Bango la Pongwe

La kwanza lilikuwa la Mjerumani:
bamba la chuma, herufi zenye pembe kama beberu.
Bibi yangu alilijua kwa kulikalia;
lilipong'olewa akafunikia kisima.

La pili la Mwingereza: mkono mwekundu
juu ya ubao, vidole vitano wazi.
Wapita njia wakauamkia.

La tatu ndilo langu.
Nasema langu kwa kuwa nilishika kopo la rangi
siku Mntangi, mlinzi wa geti,
ambaye kengele yake ilikwishaibwa ulimi
na bendera yake nyekundu imefifia mpaka waridi,
alipopanda ngazi akaandika polepole,
midomo ikimcheza kama mtoto wa chuoni:

*Simama we mpitaji, tazama huku na huku,*
*Garimoshi halingoji, mchana wala usiku,*
*Halijui muuzaji, wa samaki wala kuku,*
*Wangapi wenye haraka, hawakufika sokoni.*

Sasa, Tanga ni Tanga.
Mtu wa hapa mwandikie "Hatari", atapita nayo kwapani.
Mwandikie shairi, atashuka baiskeli
alikague.

Kesho yake asubuhi, kwa chaki, chini kabisa ya ubao:

*Nimesoma nimekoma, kandoni nimesimama,*
*Ila shairi lakwama, vina vyako vinahama.*

Mntangi hakula siku ile.
"Kituo kina uhuru wake!" alifoka, akiyaambia mataruma.
"Nani huyu asiyejua kituo kina uhuru wake?"
Alikuwa Bi Mwanamvua, muuza mbata,
na alijua vizuri sana.
Alitaka tu ajibiwe.

Basi akajibiwa. Naye akajibu.
Wakulima wa mkonge wakatoka shamba wakagawana pande,
makarani wa kiwanda cha chokaa wakaja na kalamu masikioni,
na ubao ukaongezwa ubao.

Mvua ya vuli ya mwaka ule,
Shekiondo alikuja na magunia mawili ya mkaa,
kichwa chini, kanyaga kanyaga, kama kawaida yake.
Akaona mshororo mpya. Akaushuku.
Akaweka mguu mmoja chini, akanyoosha vidole,
mo-ja, mbi-li, akihesabu mizani.
Alikuwa kwenye kidole cha saba
upepo ulipomvua kofia
na mabehewa kumi na manne yakapita
pale ambapo angekuwa.

Akaokota kofia. Akamaliza kuhesabu.
"Ni nane," alisema. "Hamna kosa."
Ndipo magoti yakamwishia.

Kisha akaja mkaguzi, suruali ya mikunjo,
akasoma yote kwa sauti, hata akacheka panapochekesha.
Akafunga daftari.
"Alama ni alama, bwana. Haina haja ya vina."
Wakapaka chokaa, ile ile ya hapa hapa,
wakapigilia mbao mbili zilizopishana,
nyeupe na nyekundu, bila neno.

Mntangi alistaafu na kengele yake bubu.
Treni nayo ikaacha kuja, miaka,
mbuzi wakalala relini, sisi tukaanika mihogo.
Siku iliporudi na honi yake ngeni
nilidhani tutazika.

Lakini nenda Pongwe kaone.
Wanafika kwenye zile mbao mbili, wanasimama.
Midomo inacheza kidogo, bila sauti.
Mizani sitini na nne, ukizisema bila pupa,
ni kitambo cha kutosha kusikia chuma kikija kwa mbali.
Watoto hawalijui hilo shairi.
Wanasimama kwa sababu aliye mbele amesimama.

Juzi kijana wa bodaboda, mgeni, nadhani wa Handeni,
alivuta moto nyuma yetu, akapiga honi mara tatu:
"Njia nyeupe! Mnasubiri nini?"

Bi Mwanamvua, ambaye siku hizi haoni hata ubao,
aliinua kiganja, vidole vitano wazi.
"Tulia, mwanangu," alisema.
"Bado mshororo mmoja."